Mavin, Mkono wa Kinyozi ama Babu Mzaa Mathe? Ukweli wa Kipara Huku Kericho na Bomet

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, wiki ile bonasi ya majani imeingia na kila kinyozi Litein ana foleni hadi nje. Nikakaa kwa kiti, jamaa akanitoa mavin, akacheki kichwa, akanyamaza. Na wewe jua kinyozi akinyamaza kuna kitu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya mkutano wa chifu: "Brathe, sasa hii laini nikupigie wapi?"

Niko na miaka 26. Nywele za mbele zimerudi nyuma pande zote mbili, katikati kumebaki kakisiwa kadogo kanaogopa maji. Kabla nijibu, wasee wa kwa benchi walikuwa wameshanifungulia kesi. Mmoja akasema ni mavin, ati huku baridi inatufanya tulale nazo na kichwa hakipati hewa. Mwingine akasema ni mkono wa kinyozi, kuna wale wakikushika tu nywele zinagoma kumea. Msee wa boda aliyesimama mlangoni akasema niulize babu mzaa mathe. Na mzee mmoja, kipara chake kinang'aa kama kibuyu cha mursik, akacheka akaniambia, "Kijana, wacha kulia. Hiyo ni pesa inakuja."

Pesa haikuwa inakuja, ilikuwa imeshaenda. Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimenunua chupa tatu za mafuta ya "kurudisha nywele ndani ya siku 21" kutoka kwa jamaa fulani wa mtandaoni. Ngiri nne na mia tano. Nilikuwa nimeacha chuo, kazi ni za hapa na pale, na hiyo doh ilikuwa ya rent. Mafuta yalinuka kitunguu, na kitu pekee kilichoota ni vipele kwa paji la uso. Nikaamua kabla ninunue chupa ya nne, nisome hii kitu inaitwa kipara inafanyaje kazi. Na venye nilisoma, nikagundua kila mtu wa lile benchi alikuwa ameshika kipande cha ukweli ama hewa tupu, na hakuna aliyejua ameshika gani.

Wacha nianze na kitu huku tunaelewa bila mwalimu: majani.

Kichaka cha chai unakichuma leo, baada ya wiki moja ama mbili unarudi unapata kimetoa tena. Ukikikata chote kibaki vijiti, watu wa nje wanadhani kimekufa, lakini wewe unajua kitarudi kwa sababu mzizi uko sawa. Nywele ni hivyo hivyo. Ile sehemu unaona na kuchana imekufa tayari, haina uhai kuliko kucha yako. Uhai uko chini ya ngozi, ndani ya vishimo ambavyo kila kimoja ni kama kichaka chake. Kichwa cha mtu kina vishimo kama 100,000 hivi. Unywele mmoja humea miaka miwili hadi sita, unapumzika kama miezi mitatu, unaanguka, na mwingine unaanza pale pale. Ndio maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida kabisa. Ukiziona kwa taulo usipigie mathe simu ukilia.

Sasa kipara cha kurithi, kile cha mbele na utosini, hakiji kwa kung'oa vichaka. Kinakuja kwa kuvidhoofisha. Kila raundi kishimo kinatoa unywele mwembamba kidogo, mfupi kidogo, unaokaa muda mfupi kuliko ule wa kwanza, hadi mwisho kinatoa manyoya laini kama ya kifaranga. Ukimkaribia mzee wa kipara juani utaona hayo manyoya bado yako. Mashamba hayajauzwa, ni mavuno yameisha.

Anayefanya hiyo kazi ni homoni inaitwa DHT, ambayo mwili hutengeneza kutoka kwa testosteroni, ile homoni inakupea ndevu na sauti nzito. Na hapa kuna story mbili ambazo zinafaa kuongelewa kwa kila kinyozi Kenya.

Ya kwanza ni ya Mmarekani anaitwa James Hamilton. Mwaka wa 1942 alitoa utafiti kuhusu wanaume waliokuwa wamehasiwa. Aliona wale waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata kipara, hata kama familia zao zilijaa vipara. Lakini walipopewa testosteroni, wale wa koo za vipara walianza kupoteza nywele. Wale ambao hawana kipara kwa ukoo walibaki na nywele zao. Kwa hivyo unahitaji vitu viwili: homoni, na vishimo vilivyorithi kuiogopa.

Ya pili ni tamu zaidi. Huko Jamhuri ya Dominika kuna vijiji ambako watoto wengine walizaliwa wakionekana wasichana, wakalelewa hivyo, halafu wakifika miaka 12 hivi miili yao inageuka kuwa ya kiume. Mwaka wa 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza kinachoendelea: miili yao ilikosa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT. Wakikua wanakuwa wanaume wenye misuli, tezi dume yao inabaki ndogo, na laini ya nywele hairudi nyuma. Watengenezaji dawa wakasikia, wakawaza, wakatengeneza kidonge cha kuzuia hicho kimeng'enya. Kinaitwa finasteridi. Marekani walikikubali 1992 kwa wazee wenye shida ya tezi dume, na 1997 kwa kipara, kwa dozi ndogo ya miligramu moja.

Kwa hivyo ile imani ya mtaani ati wenye vipara ni simba kitandani? Imegusa ukweli kwa mbali, ikateleza. Homoni za kiume zinahusika, ndiyo. Lakini msee wa kipara kwa kawaida hana testosteroni nyingi kuliko beshte yake mwenye afro. Tofauti iko kwa vile vishimo vinaichukulia. Madem mnaosoma, msinunue mbuzi kwa gunia.

Turudi kwa benchi. Mavin haina hatia. Mizizi haipumui hewa ya nje, inalishwa na damu kutoka ndani. Kama kofia ingeleta kipara, wachumaji wote kuanzia Kericho hadi Mogogosiek ambao hufunika kichwa asubuhi hadi jioni juu ya mvua wangekuwa wamebaki ngozi tupu. Kitu mavin inaweza kufanya ikiwa chafu ni kukupea muwasho, na ukibadilishana na mabeshte mnaweza gawana mapunye. Ifue tu. Mashine ya kinyozi nayo? Huku tuna historia yetu na mashine za kuchuma majani, lakini hiyo ya kinyozi haiondoi mtu kazini. Inakata juu, haifiki kwa mzizi. Wale wanasema ukinyoa sana zinatoka nzito zaidi pia wapoe: 1928 mtaalamu mmoja wa anatomia, Mildred Trotter, alipima ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa na akapata wembe hauongezi unene wala kasi. Zinaonekana ngumu kwa sababu ncha imekatwa butu.

Babu mzaa mathe sasa. Hii ndiyo imani ina digrii, kwa sababu hata walimu wa bayolojia huisema. Na ina msingi. Kuna jeni moja kubwa ya hii mambo iko kwa kromosomu X, na mwanaume X yake hutoka kwa mathe. Lakini 2017 watafiti Uingereza waliangalia wanaume zaidi ya 52,000 wakapata sehemu 287 za jeni zinazohusiana na kipara, na nyingi haziko kwa hiyo X. Zimetapakaa kila mahali, za buda na za mathe. Mimi mwenyewe ndio ushahidi. Babu mzaa mathe, Mungu amweke, ana miaka themanini na kitu na nywele bado anachana. Buda naye alianza kuonyesha utosi kabla hata mimi sijaanza shule. Miaka yote nilijidanganya na kichwa cha babu.

Kuna ya stress pia, na hii inanigusa. Nilipoacha chuo sababu ya fees, nywele zilitoka kwa kitana kama za mbwa. Nilikuwa nimeshikwa na homa mbaya pia hiyo mwezi, nikalala siku tisa. Miezi miwili, mitatu baadaye ndio mvua ya nywele ikaanza. Na hiyo ndio saini yake. Homa kali, upasuaji, kukosa chakula vizuri, mshtuko mkubwa, hivyo vitu hupeleka vishimo vingi likizo mara moja, na matokeo unayaona wiki nyingi baadaye wakati umeshasahau ulikuwa mgonjwa. Watu wengi walipitia hiyo baada ya Corona. Kama uko Kericho unaelewa bila mimi kueleza: mvua ya mawe. Inapiga shamba jioni moja, asubuhi vichaka viko uchi, unadhani umefilisika. Halafu yanarudi yenyewe. Nywele za homa zilinirudia kichwani kote ndani ya miezi kama sita. Zile za kwa kona za mbele hazikurudi. Hapo ndio nilijua nina vitu viwili tofauti, na mafuta ya ngiri nne na mia tano yasingefanya lolote kwa kimojawapo.

Duara moja likitokea ghafla, laini kabisa, saizi ya sarafu ya shilingi kumi? Huku utaambiwa umerogwa ama mende amekulamba usiku. Mara nyingi ni kinga ya mwili wako imejichanganya ikashambulia vishimo. Ndiyo hiyo kitu Jada Pinkett Smith alitangaza 2018, na ndiyo ilimfanya Will Smith apande jukwaa la Oscars Machi 2022 amzabe Chris Rock kofi. Mara nyingi duara dogo hurudi lenyewe, na daktari ana sindano na krimu za kuliharakisha. Kuna hata utafiti mdogo wa Baghdad wa 2002 wa maji ya kitunguu kwa hayo maduara, na matokeo yalikuwa mazuri. Nadhani hapo ndipo wauza mafuta waliiba story. Lakini soma vizuri: ilikuwa ya maduara, haikuwa ya laini ya mbele.

Duara likiwa na magamba, linawasha na nywele zimekatika katikati, haswa kwa mtoto, hiyo ni mapunye. Ni fangasi. Krimu peke yake haitoshi kwa kichwa, inahitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali. Na dogo akipona, zile mashine na vitana vya nyumba nzima vioshwe.

Ile ya mzee na pesa niliiacha nyuma makusudi. Mtaani tunaicheka: kipara ni akaunti ya benki, ni V8, ni sponsor. Hakuna ubaya, na inawapea wazee wetu swag. Lakini kuna mahali watu waliamini sana. Juni 2017 polisi huko Msumbiji, mkoa wa Zambezia, waliwaonya wanaume wenye vipara wawe waangalifu baada ya wanaume watano kuuawa wilaya ya Milange. Kuna watu walikuwa wamedanganywa ati ndani ya kichwa cha kipara mna dhahabu. Watano, bana. Hawakuwa na dhahabu, walikuwa na DHT kama buda yangu. Tangu nisome hiyo, mzaha wa "kipara ni pesa" hunikwama kidogo kooni.

Lakini kitu kimenifanya niandike hii story yote si kipara changu. Ni kisogo cha beshte yangu.

Huyu msee anachuma majani kwa shamba moja upande wa Kericho. Anapenda luku safi, kila wiki laini ya nyuma ipigwe na wembe hadi ngozi ing'ae. Miaka miwili iliyopita akaanza kupata vipele kisogoni. Kinyozi akavipasua na wembe akapaka spiriti. Vikarudi vikubwa. Mwingine akamwambia ni damu chafu, mwingine akamuuzia dawa ya mizizi, bibi mmoja akasema amekanyaga kitu mahali. Sai vile vipele vimeungana vikawa kovu gumu kama kamba, na hapo juu hakumei kitu. Huo ni ugonjwa unajulikana, unapenda sana wanaume weusi wenye nywele za kujikunja, na kunyoa karibu sana kisogoni huuchochea. Ukishikwa mapema, unaacha wembe, unapewa dawa za kupaka na za kumeza, unatulia. Ukiachwa hadi kovu, kile kishimo kimezikwa. Hapa si kupogoa tena, hapa mzizi umeng'olewa na saruji ikamwagwa juu. Hakuna mafuta ya kurudisha hiyo.

Hata wale wa dredi na rasta za kukazwa, mchunge. Ukivuta nywele kila siku kwa nguvu, laini ya mbele na ya kando huanza kukimbia. Ikiwa bado mapema ukilegeza zinarudi. Ukikaza miaka, mzizi unakufa vilevile.

Kwa hivyo swali la kujiuliza mbele ya kioo ni moja: ngozi iko laini na kawaida, ama kuna maumivu, usaha, magamba, kovu? Kama ni ya pili, usipeleke kwa kinyozi wala kwa TikTok. Kericho kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, Bomet kuna Longisa na Tenwek. Anza hapo, omba uelekezwe kwa mtaalamu wa ngozi. Beshte yangu hatimaye alienda. Kovu halitaondoka lote, lakini vipele vipya vimesimama.

Na kama ni kipara tu cha kurithi, na kinakunyima usingizi, kuna dawa mbili zenye utafiti nyuma yake. Minoksidili ni ya kupaka. Ilianza kama vidonge vya presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele hadi mahali hawakutarajia, watu wakashtuka, na 1988 Marekani wakaikubali kwa vichwa vya wanaume. Inachukua miezi minne na zaidi kuonyesha kitu, wiki za kwanza nywele zinaweza anguka zaidi, na ukiacha, ulichovuna kinaenda. Ni kama kuajiri mlinzi, siku humlipi anatoka. Finasteridi tushaiongelea: ni ya kuandikiwa na daktari, wachache hupoteza hamu ya tendo ama hushuka moyo wakiitumia, na mwanamke mjamzito hafai kushika kidonge kilichovunjika. Usinunue kwa msee wa mkoba. Zote mbili hushika zilizobaki vizuri kuliko kufufua zilizoenda, kwa hivyo kichwa kilichokuwa kibuyu miaka ishirini kisitegemee muujiza.

Ya tatu ni upandikizaji. Wayne Rooney alifanyiwa 2011 akiwa na miaka 25 tu na akatangaza mwenyewe kwa Twitter. Wanatoa vishimo vya kisogoni, ambavyo havijali DHT, wanavihamishia mbele. Inafanya kazi. Bei yake ni ya Rooney.

Mimi nilichagua ya bei ya Litein. Narudi kwa kinyozi kila wiki mbili, kama raundi ya majani, napigwa Jordan kichwa chote, lakini kisogoni namwambia aache kidogo na wembe auweke mbali. Haniulizi laini ipite wapi tena. Mara ya mwisho nilimpata yule mzee wa kibuyu ameshakaa kwa benchi, akaniangalia kichwa, akauliza kama ile pesa ilifika.

Nikamwambia bado, imekwama Chepsir.